Kadaka, hajadaka

Juzi nimepoteza jioni nzima narushiwa mpira wa tenisi na jamaa yangu, mi nadaka, simu imesimamishwa mezani inarekodi slomo. Watu wazima wawili. Chanzo ni ubishi wa Dez Bryant, mchezaji wa Dallas Cowboys, kama alidaka mpira au hakudaka, ubishi ambao mi na huyu jamaa tunao tangu Januari 2015 na mpaka leo haujapoa, mtoano wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ukianza tu lazima mmoja wetu amchokoze mwenzie. Yeye ni shabiki wa Packers, timu ya Green Bay, damu damu. Mi sio Cowboys, naomba hilo lieleweke mapema kabisa, Cowboys siwapendi hata kidogo, lakini Dez alidaka.

Kwa msiofuatilia ngoja niwaweke sawa. Kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wa umbo la yai, kwotabeki akirusha pasi mbele na mwenzie akaikosa, pasi imekufa, mpira unarudi pale ulipoanzia, hakuna aliyepata kitu. Mwenzie akidaka anahesabiwa yadi zake, na kama yuko endizoni, yaani eneo la nyuma ya mstari wa goli, ni tachidauni, pointi 6. Sasa utaniuliza ugumu uko wapi hapo, kudaka si kudaka? Kipa akidaka kadaka, hata aliyekaa siti ya juu kabisa kaona. Ndo mi nami nilivyokuwa nafikiri nilipoanza kuangalia huu mchezo, afu nikakutana na Calvin Johnson.

Tarehe 12 Septemba 2010, Chicago, Soldier Field, wiki ya kwanza ya msimu. Detroit Lions wako nyuma 19 kwa 14 na imebaki kama nusu dakika. Shaun Hill, aliyeingia baada ya Matthew Stafford kuumia bega, anatupa yadi 25 hadi endizoni, Johnson, jitu la futi sita na inchi tano, anaruka juu ya beki anaukamata mpira kwa mikono miwili, anatua, mguu wa kwanza, wa pili, makalio, anageuka, mkono wenye mpira unagusa nyasi na mpira anauacha pale pale kama mtu aliyetua mzigo, keshainuka anakwenda kushangilia. Refa mmoja alishanyoosha mikono juu, tachidauni. Wakakaa kikao. Wakatoka wanasema pasi imekufa, riplei nayo ikakubaliana nao.

Kisa? Kanuni ilikuwa inasema mtu akidaka huku anaanguka lazima abaki na mpira mpaka kuanguka kwenyewe kuishe, na Johnson kwa hesabu yao alikuwa hajamaliza kuanguka. Mtu kashakaa chini, kageuka, anainuka, unaambiwa bado anaanguka! Lions wakafungwa na mechi ikaisha hivyo. Refa mkuu siku hiyo alikuwa Gene Steratore. Lishike hilo jina.

Haya, twende Green Bay. Tarehe 11 Januari 2015, Lambeau Field, baridi ya kufa mtu, mtoano, Packers wanaongoza 26 kwa 21, zimebaki dakika nne na ushee. Cowboys wako dauni ya nne na wanahitaji yadi mbili. Dauni ya nne ndo nafasi ya mwisho ya kusogeza mpira, ukiikosa mpira wanachukua wenzio, kwa hiyo mtu mwoga angetafuta zile yadi mbili zake kimya kimya. Tony Romo, kwotabeki wao, akatupa ndefu, karibu na mstari wa goli.

Hiki kipande nimekiangalia mara nyingi kuliko video ya harusi yangu mwenyewe na mke wangu analijua hilo. Dez anaruka, Sam Shields, beki wa Packers, kamganda, Dez anaufuata mpira juu huko anaukamata kwa mikono miwili, anatua huku mpira unahamia mkono wa kushoto, mguu, mguu, tena mguu, anapepesuka maana wameshagongana hewani, na akiwa anakwenda chini anaunyoosha ule mkono wa kushoto ili mpira uuguse mstari. Mkono unagonga ardhi. Mpira unaruka, mdogo tu, anaunasa tena huku anabiringika. Uwanjani wakasema kadaka, wakauweka mpira yadi moja kutoka kwenye goli. Mike McCarthy, kocha wa Packers, akatupa bendera yake nyekundu ya kupinga. Refa mkuu akaenda kuangalia marudio, na refa mkuu alikuwa nani? Gene Steratore. Yule yule wa Chicago.

Akarudi akatangaza pasi imekufa. Packers wakachukua mpira wakaukalia mpaka muda ukaisha, 26 kwa 21.

Jamaa yangu hoja yake ni moja na anaisema kwa utulivu unaoudhi: alikuwa anaanguka, mpira ukagusa chini, ukamtoka, soma kanuni. Na mi nimeisoma, na kinachoniuma ni kwamba yuko sawa. Steratore aliisoma kanuni kama ilivyoandikwa. Zile hatua tatu hazikuwa na maana kwa sababu walisema ni hatua za mtu anayeanguka, na ule mkono ulionyooshwa haukutosha kwao kuwa kitendo cha mchezaji aliyekwishamiliki mpira. Lakini jamani, mtu anayeanguka bahati mbaya ananyoosha mkono kuelekea goli? Si ananyoosha mikono kujikinga uso? Dez alikuwa anajua mstari uko wapi, alikuwa na mpira wake, alikuwa anaupeleka anakotaka. Hicho ndo kila mtu anachokiita kudaka.

Nikifika hapo jamaa ananitupia ya 2012. Tarehe 24 Septemba, Seattle, Packers wanaongoza, Russell Wilson wa Seahawks anatupa mpira wa mwisho wa mechi endizoni, M.D. Jennings wa Packers na Golden Tate, mwenzie Wilson, wanaukumbatia wote, marefa wawili wamesimama pembeni yao, mmoja ananyoosha mikono kuashiria tachidauni na mwenzie anapunga kuashiria kingine kabisa, wakampa Tate, 14 kwa 12. Wale walikuwa marefa wa muda, wale wa kawaida wako kwenye mgogoro wa mkataba na ligi, na siku mbili baadaye mgogoro ukapatiwa ufumbuzi. Anaileta ile kama deni, kwamba ya Dez ilikuwa malipo. Sawa, nimemwambia deni lake akalidai Seattle.

Ila nisiwe mchoyo, kanuni ngumu ina sababu yake, na wanaoitukana kanuni wengi hawajawahi kuifikiria. Mpira ukimtoka mtu ambaye hajadaka, pasi imekufa, hakuna hasara. Ukimtoka mtu aliyekwishadaka hiyo ni fambo, yeyote atakayeuokota ni wake na anaweza kukimbia nao mpaka endizoni ya upande wa pili. Kwa hiyo ukisema kudaka ni kushika tu, kila mdakaji anayeguswa na mpira na kabla hajapumua beki kamtandika, mpira ukiruka ni fambo, tungekuwa na fambo kumi kila mechi na mabeki wangeacha kufukuza mpira wakabaki kuwinda mbavu za watu. Kwa hiyo ni lazima kuwe na muda kidogo kati ya kushika na kumiliki. Kudaka ni kipande cha muda, kina mwanzo na mwisho, mwanzo wake unaonekana kwa macho, mwisho wake hauonekani, na miaka yote hii wamekuwa wanauhamisha huo mwisho tu. Mara mpaka afanye kitendo cha kimchezo, mara mpaka amalize kuanguka, mara, baada ya kelele za Dez, mpaka awe amekuwa mkimbiaji kwa wazi kabisa. Hilo neno la wazi kabisa lilinichekesha, maana ubishi wote ni kuhusu vitu visivyo wazi.

Na kuna hii inayouma zaidi. Mkimbiaji mwenye mpira mkononi akiuvusha mstari wa goli hata kwa ncha tu, hata akiwa hewani, ni tachidauni hapo hapo, sekunde inayofuata mpira ukimponyoka shauri yake, pointi zimeshaingia. Kwa kanuni iliyokuwepo mpaka 2018, mdakaji aliye ndani ya ile ile endizoni anatua miguu yote miwili, anaanguka, mpira unatikisika chini, hana kitu. Eneo moja, mpira mmoja, wawili hawa walikuwa wanapimwa kwa mizani tofauti kabisa.

Afu ikaja slomo kuongeza chumvi. NFL walijaribu riplei 1986 mpaka 1991 wakaiacha, wakairudisha 1999. Haikumaliza hata msimu mmoja ikatoa mkasa wake: tarehe 23 Januari 2000, St. Louis, Rams na Tampa Bay Buccaneers, mshindi anakwenda Super Bowl, fainali ya ligi. Bert Emanuel wa Tampa anajitupa anadaka mpira mwishoni kabisa, kaukumbatia na mikono yote, refa uwanjani kasema kadaka. Wakaenda kwenye picha wakaona ncha ya mpira imegusa kapeti. Ncha. Ikafutwa, Rams wakashinda 11 kwa 6. Baadaye kanuni ikabadilishwa, mpira unaruhusiwa kugusa chini mradi mdakaji anaumiliki, na watu mpaka leo wanaiita kanuni ya Bert Emanuel, ambayo naona ni zawadi ya ajabu, unanyimwa Super Bowl afu unapewa jina la kanuni.

Mliozoea VAR mnajua hii hadithi. Goli safi, uwanja mzima umeshashangilia, afu wanachora mistari wanakuta kwapa limeotea. Ile ile. Jicho la kawaida linaona mtu kadaka, mashine inaona mpira umezunguka nusu inchi.

Mwaka wa shetani ulikuwa 2017. Tarehe 29 Oktoba, New Orleans, Zach Miller wa Chicago Bears anadaka endizoni, anatua, goti la kushoto linateguka vibaya sana, mimi nilifumba macho na siku hizi kile kipande nakiruka. Mpira anao mkononi. Wakampa tachidauni. Wakati anahudumiwa wakawa wanaangalia riplei, wakasema mpira ulitikisika alipokuwa anabiringika, wakaifuta. Mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti ulikuwa umeumia, akafanyiwa upasuaji wa haraka usiku huo kuokoa mguu wenyewe, na hakucheza tena NFL. Sijui nani alikaa na ile kanuni mkononi akaangalia ile picha na kuona kitu cha kwanza cha kujadili ni mtikisiko.

Afu tarehe 17 Desemba, Pittsburgh, Steelers na Patriots, wote wanawania nafasi ya juu kwenye kanda yao. Patriots 27, Steelers 24, sekunde 28. Jesse James wa Steelers anadaka karibu kabisa na mstari, goti lipo chini, anageuka anajirusha na mpira unavuka mstari, mikono inagonga chini, mpira unazunguka kidogo kwenye viganja. Tachidauni, uwanja umepasuka kwa kelele. Riplei. Wakasema mpira haukunusurika ardhini. Hayo ndo maneno yao, kunusurika, kana kwamba mpira umepata ajali ya basi. Muda mfupi baadaye Ben Roethlisberger, kwotabeki wa Steelers, akatupa mpira ukadakwa na Patriots ndani ya endizoni, mechi kwisha, na Patriots ndo wakamaliza juu ya kanda.

Wiki saba kamili zikapita. Tarehe 4 Februari 2018, Minneapolis, Super Bowl, Patriots hao hao na Philadelphia Eagles. Zimebaki dakika mbili na sekunde 21, Nick Foles wa Eagles anampa mwenzie Zach Ertz, Ertz anadaka, anapiga hatua, anajirusha juu ya mstari, mpira unagonga chini unaruka juu, anaudaka tena. Mi nilikaa nimeshika kichwa, nikasema wanaifuta hii, naapa wanaifuta. Hawakuifuta! Walisema huyu alishapiga hatua za kutosha akawa mkimbiaji, kwa hiyo mpira ulipovuka mstari biashara ilikwisha. Kwa kanuni ile ni sahihi na hata mi nakubali. Ila ungekuwa shabiki wa Steelers ukiwa umekaa sebuleni kwako siku ile ungetupa rimoti wapi? Eagles wakachukua 41 kwa 33.

Nadhani ile ndo iliwatia aibu. Mwezi wa tatu mwaka huo huo, tarehe 27, Orlando, wamiliki wa timu wakapiga kura 32 kwa 0, hakuna hata mmoja aliyepinga, na hawa ni watu ambao hawakubaliani hata rangi ya soksi. Kanuni mpya ina vitu vitatu, umiliki mpira, uguse chini kwa miguu miwili au sehemu nyingine ya mwili, afu ufanye kitendo cha kimchezo, mfano hatua ya tatu au kunyoosha mpira mbele, au uwe na muda wa kutosha kukifanya hata kama hukukifanya. Ule upuuzi wa kumaliza kuanguka wakautoa, na mpira ukitikisika kidogo sio lazima uhesabiwe umekutoka. Na wakasema wenyewe, kwa kanuni hii Dez kadaka, na James kadaka.

Siku ile nilimpigia jamaa simu saa hiyo hiyo. Akaniambia sheria haifanyi kazi kurudi nyuma, akakata.

Sasa usifikiri ubishi umekwisha. Umehamia kwenye hatua ya tatu. Siku hizi tunakaa tunahesabu miguu, moja, mbili, hiyo ni ya tatu au ni ya pili na nusu, kidole kimegusa au kinaning'inia, beki kaupiga mpira kabla au baada. Mi naona ni afadhali lakini, hatua unaweza kuihesabu, tofauti na kuanguka ambako ukimuuliza refa kumeisha saa ngapi anakuangalia tu. Kilichobaki kuniudhi ni ile slomo. Nilimwambia jamaa kwamba hakuna mtu yeyote duniani anayedaka mpira kwa slomo, ukimpunguza kasi kila mtu anaonekana anababaika. Akasema thibitisha. Ndo hapo tulipofikia na mpira wa tenisi.

Tumerekodi klipu kumi na mbili. Nane zangu, nne zake. Kwa kasi ya kawaida zote kumi na mbili ni kudaka kwa kawaida kabisa, mtoto angesema kadaka. Ukipunguza kasi ni vichekesho. Mpira unaingia kiganjani unapiga pale chini ya kidole gumba, unaruka kurudi nyuma kidogo, vidole vinafika vimechelewa, unazunguka robo duara, ndo unatulia. Kila mara. Hata nilipokuwa nimesimama kama mlingoti. Na huu ni wa duara na mdogo, hebu fikiria ule wa yai wenye urefu wa kama sentimita 28, unakuja unazunguka kama keekee, na kuna mtu wa kilo tisini na kitu hewani anataka kukuvunja.

Klipu ya saba nilijitupa kwenye godoro, mkono ukagonga, mpira ukatikisika, sikuuachia. Jamaa kaiangalia mara nne, uso mkavu, akasema imekufa, hukumaliza kuanguka. Nikamwambia hiyo kanuni ilifutwa 2018, akasema kwenye godoro hili bado ipo.

Klipu ya kumi ni yake. Kajitupa vile vile, mkono umegonga pale pale, na mpira umemtoka kabisa, umeruka kama kiganja kimoja juu, akaunasa kwa kifua. Nimemuuliza hii je. Akasema yeye alishapiga hatua. Nimerudisha nyuma nikahesabu, hatua mbili, na ya tatu kisigino kiko hewani, unaona kabisa mwanga chini ya kiatu. Ameniomba niifute. Siifuti.